Mirija Tuliyoichoma Matisi

Nyinyi mliobaki katika ile nyumba ya Matisi mnajua kuandika ripoti kuliko mimi, kwa hivyo sitawaandikia ripoti. Wala msitafute humu habari za cheo. Cheo changu kilikuwa kimoja tangu siku ya kwanza hadi siku nilipokabidhi funguo: mtu wa mlango. Kazi zenyewe zilikuwa nyingi, na baadhi nilizifanya vibaya. Hizo ndizo nitakazoziandika, kwa sababu zile nilizozifanya vizuri nyinyi mnazifanya vizuri zaidi.

Niliingia nyumba ile mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na sikuingia kwa miguu. Nililetwa na mkokoteni. Wakati huo nilikuwa mpakiaji wa magunia ya mahindi mjini Kitale, nimemaliza kidato cha nne kitambo na pombe imenimaliza mimi. Mwenye mkokoteni alikuwa amezoea kubeba magunia, akanishusha vivyo hivyo. Aliyetoka kunipokea ni Mama Rukia, muuguzi mstaafu aliyeanzisha nyumba ile ya kutibu walevi katika vyumba alivyoachiwa na marehemu mumewe. Alizaliwa Kitale, kwao ni nyuma ya msikiti, na hajawahi kuonja pombe hata kwa ncha ya ulimi. Alinitazama nilivyolala pale, akamwuliza mwenye mkokoteni, "Umeniletea mtu ama umeniletea mzigo wa nguo chafu?"

Nikamjibu kutoka chini kwamba mimi ni mtu, tena mtu mwenye cheti.

"Basi mwenye cheti," alisema, "amka uoge."

Sisi wagonjwa tulimcheka kichinichini. Mwanamke asiyejua ladha ya busaa, pombe yetu ya nafaka, atamfundisha nini mtu aliyeinywa tangu ujana? Siku moja mwenzetu alimwuliza hivyo usoni. Mama Rukia hakukasirika. Alisema yeye hajazaa mapacha, lakini wenye mapacha amewazalisha wengi, na hakuna aliyekwama kwa sababu hiyo.

Nilipokaa miezi kadhaa bila kunywa, aliniita jikoni akanipa kazi. Nilidhani ameona uongofu wangu. Hapana. Alisema mimi nimejaribu kutoroka kwa kila njia iliyoko pale: nimepita dirisha la choo, nimepita chini ya ua, na mara moja nilishikwa langoni nikiwa nimevaa buibui lake. Kwa hivyo hakuna mtu anayezijua njia hizo kama mimi, na sasa nitamzibia.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifikiri kazi ni ukali. Aliletwa mzee mmoja kutoka Kapsokwony ambaye wanawe walimfungia nyumbani ili aache pombe kwa lazima. Mikono ilimtetemeka, jasho lilimtoka, na alikuwa akipangusa ukutani siafu ambao sisi wengine hatukuwaona. Nikamwambia aache maigizo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetetemeka wakati wangu, lakini si kiasi hicho, na niliamini kwamba kipimo cha kila mlevi ni mimi. Mama Rukia alimgusa paji la uso, akanituma mbio nikatafute gari, tukampeleka hospitali. Huko kwenye benchi la kungojea ndiko aliponiambia jambo ambalo nimewarudia nyote mpaka mkachoka: mwili uliozoea pombe nyingi kwa miaka, ukinyimwa ghafla, unaweza kufa. Mtu kama huyo hafungiwi chumbani ajirekebishe. Anapelekwa kwa daktari kwanza.

"Huu ni ugonjwa, Barasa," alisema. "Tabia tutaishughulikia baadaye, na hapo nitakuita wewe, maana unayo mbaya ya kutosha."

Yule mzee alipona, akarudi kukaa nasi, na hakunisahau. Kila nilipoingia chumbani mwake aliniangalia kwa huruma, kisha akapangusa ukuta.

Kosa la uji nalo ni langu. Mama Rukia alikuwa amekwenda harusi Bungoma, akaniachia jiko. Mimi nikaona nivuruge uji wa wimbi uliochachuka kidogo, kama wa kwetu, nikautia na kimea ili uwe na utamu. Kisha nikausahau karibu na moto siku kadhaa. Wagonjwa walipoonja waliomba tena, na nikajivuna kwamba hatimaye nimejua kupika. Mama Rukia aliporudi adhuhuri alisikia nyimbo kutoka barabarani. Aliingia, akainusa sufuria, akaniuliza ni nini hiki. Nikasema ni uji.

"Uji unaoimba?" akauliza.

Tangu siku ile jikoni nilikubaliwa kuchemsha maji tu.

Sasa nije kwenye mirija, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kwa nyinyi ambao hamkukulia Bungoma, nieleze kwanza. Busaa kwetu hainywewi kwa bilauri kila mtu peke yake. Chungu kikubwa huwekwa katikati, kikawa kinaongezwa maji moto, wanaume hukizunguka, na kila mmoja huwa na mrija wake mrefu, kwetu tunauita lusekhe, wenye kichujio kidogo kilichosukwa mwishoni ili usivute makapi. Mrija ni wa mtu, kama vile viatu ni vya mtu. Huuhifadhi juu ya dari kwenye moshi, na akienda kwa jirani hubeba wake.

Mimi nilipoacha pombe nilikwenda kwetu, karibu na Myanga, nikautoa wangu darini, nikauvunja mbele ya kaka yangu Masika na wazee waliokuwa wamekaa naye, nikautia motoni. Nilihubiri kidogo pia. Masika alisukuma kuni kwa mguu ili mrija uungue vizuri, kisha akahamisha kiti chake akanipa mgongo. Tangu siku hiyo hakunitumia salamu, na mimi sikumtumia. Nilijiambia kwamba hiyo ndiyo gharama ya kuokoka.

Nilirudi Matisi na wazo hilo kama mtu aliyeokota dhahabu. Nikapendekeza kwamba kila mgonjwa atokaye Bungoma jamaa zake walete mrija wake, tuuchome uani, wenzake wakipiga makofi. Mama Rukia alisema yeye anaona vijiti tu, lakini kama vinatusaidia, tuchome. Nilinunua kiberiti cha kazi hiyo peke yake. Hata sasa naona aibu nikikumbuka nilivyokuwa nakitingisha mfukoni.

Ndipo akaja Simiyu.

Simiyu alikuwa fundi wa baiskeli sokoni Myanga, mtu wa mzaha, mwenye mikono inayoweza kunyoosha gurudumu akiwa amelewa asiweze kujinyoosha mwenyewe. Aliletwa na mkewe, Nekesa. Binti yao, Nafula, alikuwa amepata mchumba kutoka Kapsokwony, na wazee wa upande ule walikuwa wamekuja mara moja kujitambulisha. Walimkuta mwenye boma amelala chini ya baiskeli ya mteja, tairi ndiyo mto. Waliondoka kwa adabu, wakasema watarudi baba wa msichana akipatikana. Nekesa hakulia alipotueleza. Alisema ana ombi moja tu: binti yake aombwe kwa babake, si kwa mashemeji.

Mrija wa Simiyu ulikuwa mweusi kwa moshi wa miaka mingi. Aliushika kwa mikono miwili akaniambia ulikuwa wa babake. Nikamwambia babake hauhitaji tena. Aliniangalia, akaangalia kiberiti.

"Sawa bana," akasema. "Wewe ndiye mwenye moto."

Alipona vizuri. Alitengeneza toroli yetu, bawaba za milango, na hata ile njia yangu ya chini ya ua aliiziba kwa spoku. Alirudi Myanga amenona, na mimi nikawa namtaja kwa kila mgonjwa mpya kama mfano. Mvua zilipokwisha, Nekesa alimrudisha. Safari hii haikuwa busaa. Alikuwa akinywa chang'aa, ile pombe kali ya magendo, peke yake, nyuma ya kibanda chake cha kazi, mlango umefungwa.

Nilimpokea kwa hotuba. Nilikuwa nayo ndefu, yenye vituo. Mama Rukia aliikatiza, akampa Simiyu maji, akangoja siku chache mpaka mikono ikatulia, kisha akamwuliza ilikuwaje. Nitayaandika maneno yake jinsi nilivyoyasikia.

"Mama, mimi nilikaa nyumbani. Si ndivyo mlisema? Wao wako kwa chungu, kwa kaka yangu Wekesa, mimi niko kwa nyumba na redio. Na mambo ya Nafula yanaongewa huko. Siku ya wageni inapangwa huko. Nani atasimama kuongea, ati wanapanga huko. Nikienda nasimama tu mlangoni kama mtu amekuja kuomba chumvi. Sina mrija, nitakaa wapi? Nikaona afadhali nilewe, angalau nijue kwa nini siitwi."

Mama Rukia alinitazama. Akaniuliza sisi kwetu tukikaa kwenye chungu huwa tunafanya nini. Nikasema tunakunywa. Akauliza, na kingine? Nikaanza kutaja: mipaka ya mashamba, posa, mazishi, nani amegombana na nani na watapatanishwa vipi. Nilivyozidi kutaja ndivyo sauti yangu ilivyozidi kupungua, maana nilianza kujisikia mwenyewe. Mipango ya mazishi ya mama yetu ilifanyiwa kwenye chungu kwa Masika. Mimi niliipata kwa tangazo la redio, kama wageni.

"Nilidhani nimekuruhusu kuchoma vijiti," Mama Rukia alisema. "Kumbe tulikuwa tunawachomea watu nafasi zao za kukaa."

Aliniomba kiberiti, akakipeleka jikoni, na huko kikawa cha kuwashia jiko kama vingine.

Kazi iliyofuata hakuna aliyetufundisha. Mama Rukia alisema mtu anaweza kuacha pombe bila kuachana na watu wake, ila lazima ajifunze kukaa nao upya, kama mtoto anavyojifunza kukaa mezani. Simiyu alikata tete, akaitoboa vifundo, na mwishoni akasuka kichujio kwa nyuzi nyembamba za kebo ya breki. Ulikuwa mrija mzuri kuliko wote niliowahi kuona. Tukachemsha strungi, chai ile isiyo na maziwa, tukaitia kwenye jagi, akavuta. Alirusha mrija akaruka juu. Busaa ni nzito, huja polepole, na ikifika kinywani imekwisha pata adabu. Chai nyepesi hukimbia. Ilimuunguza ulimi mpaka akazungumza kama mtoto siku nzima, na wenzake wakawa wanamwuliza maswali marefu makusudi. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba strungi ya mrija lazima iachwe ipoe.

Kila alasiri tulikaa uani tukizunguka jagi, tukafanya mazoezi. Wengine waliigiza wazee wa Myanga wakimshawishi, naye akajifunza kukataa bila kuhubiri na bila kununa. Mimi niliigiza Wekesa. Nilimsifia busaa hiyo isiyokuwepo kwa ufundi kiasi kwamba Mama Rukia, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, aliniuliza kama mimi mwenyewe niko salama.

Nilitumwa Myanga kuongea na Wekesa mwenyewe. Nilikwenda nimejiandaa kwa vita. Wekesa, mzee mwenye kicheko cha tumboni, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Aje na chai, aje na maji, aje na maziwa ya ng'ombe. Sisi tulimkataa lini? Si ni nyinyi mlimchomea mrija?" Niliyokuwa nimejiandaa kuyasema niliyameza njiani nikirudi.

Mama Rukia alitoa masharti yake. Simiyu asiende peke yake, niende naye. Aende akiwa ameshiba. Na awe na sababu ya kutoka asiyohitaji kuieleza. Hili la mwisho Nekesa ndiye aliyelipatia dawa. Alisema siku hiyo ataegemeza baiskeli langoni, ameitoa upepo. Hakuna mtu Myanga atakayeshangaa kuona fundi wa baiskeli anaondoka kwenda kuangalia baiskeli.

Wageni wa Kapsokwony walikuja Jumamosi alasiri. Chungu kiliwekwa, wazee wakaketi, mirija ikatolewa. Simiyu aliketi upande wa mwenye boma, jagi lake miguuni, mrija wake mpya ndani yake. Wageni waliuona wakasifu kile kichujio cha kebo. Nilidhani tumevuka. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo hata mtoto wa kwetu analijua: mgeni haanzi. Mwenye boma huvuta kwanza, kuonyesha kwamba chungu ni salama. Mzee wa wageni, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu, aliweka mrija wake juu ya goti akasema kwa upole, "Mwenye boma atufungulie."

Wote wakamgeukia Simiyu. Katika mazoezi yetu yote ya uani hatukuwa tumelifikiria hilo, na mimi ndiye niliyekulia kwenye vyungu. Nilimwona Nekesa amesimama mlangoni na birika la maji moto, hasogei. Simiyu aliinua mkono kutoka kwenye mrija wake. Sijui alitaka kuupeleka wapi, na baadaye aliniambia hata yeye hajui.

Wekesa ndiye aliyeinama mbele na mrija wake.

"Mimi na huyu tulinyonya ziwa moja," akasema. "Mdomo wangu ni wake." Akavuta, akameza, akajipangusa. "Mnaona? Sijafa. Na kama ningekufa, yeye angebaki kuwahudumia."

Mzee wa kofia alitafakari, akatazama lile jagi, akauliza kama basi huyu mwenye boma atakunywa chai yote peke yake ama naye ataonjeshwa. Watu wakacheka. Kicheko hicho kilifungua chungu kuliko mrija wa mtu yeyote.

Lakini Nekesa alipomimina maji moto, ule mvuke wa kimea ulipanda ukatupiga usoni. Nyinyi mnaojua mnajua. Simiyu alisimama, akasema kuna baiskeli ya mtu hapo nje. Nami nikasimama, nikasema nitamshikia pampu. Tulipofika langoni alipiga pampu mpaka tairi ikawa ngumu kama jiwe, kisha akaitoa upepo, akaijaza tena.

"Barasa," akasema, "na wewe unatetemeka."

Nikamwambia ni pampu. Akacheka. Tulipotulia wote wawili, tukarudi tukaketi.

Alizungumza jioni hiyo kwa niaba ya binti yake, kwa maneno machache yaliyonyooka, na Nafula alipoitwa kusalimia wageni alimkuta babake amekaa wima. Sitaeleza uso wa Nekesa. Ila nitaeleza kesho yake, kwa sababu nililala pale na niliona kwa macho. Kabla ya kanisa alikuja mzee mmoja kumjulia Simiyu hali, akachelewachelewa, mwishowe akauliza kwa sauti ndogo jana walikubaliana nini hasa. Alipotoka akaja mwingine. Wa tatu alikuwa Wekesa. Katika ukoo mzima mtu mmoja tu ndiye aliyekumbuka kila neno, na tangu siku ile hakuna chungu kilichowekwa Myanga kwa jambo la maana bila kwanza kuulizwa kama fundi na jagi lake wamefika.

Msinielewe vibaya. Sisemi kila anayepona apelekwe kwenye chungu. Kuna niliowasindikiza baadaye ambao baiskeli ya langoni haikuwatosha, na mmoja nilimzika. Kuna wengine ambao kwao si mahali pa kukalika, na hao tuliwatafutia watu wengine wa kukaa nao: kwaya, shamba la pamoja, hata lile benchi la Mama Rukia nje ya duka la Matisi. Ninachosema ni kwamba mkimnyang'anya mtu pombe, angalieni vizuri ni nini kingine kimeshikamana nayo mkononi mwake. Sisi hatukuchoma tena. Mirija ile mnayoiona darini stoo, kila mmoja umefungwa kitambaa chake, chanzo chake ndicho hicho. Msiitupe mkifanya usafi.

Mama Rukia aliniuliza mara nyingi, "Na wewe wako uko wapi?" Nilikuwa na jibu kila mara. Kazi nyingi, mvua, goti. Mtu aliyewasindikiza wenzake wote mpaka kwao, mwenyewe alikuwa hajavuka lango la kakake. Hilo sikuliandika katika ripoti yoyote.

Siku nilipokabidhi funguo, Simiyu alikuja Matisi na kitu kirefu kilichofungwa kwa tyubu ya baiskeli. Nilijua ni nini kabla hajafungua. Kichujio chake kilikuwa cha kebo.

"Mzee," aliniuliza, "mtu wa mlango akistaafu anaenda kukaa wapi?"

Nilikaa nacho wiki moja nyumbani nikikiangalia. Jumamosi ya pili nikaenda. Masika amezeeka, haoni vizuri, na waliomzunguka walikuwa wachache kuliko wale walionisikiliza nikihubiri. Nilisimama langoni na mrija wangu kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Alinitambua kwa kikohozi. Alishika kiti chake kwa mikono miwili, akakihamisha, na pembeni yake pakabaki nafasi.

Palikuwa na jagi chini, limefunikwa kwa sahani.

"Simiyu alisema utakuja Jumamosi iliyopita," alisema kaka yangu. "Umechelewa. Chai yako imepoa."

Nikamwambia hivyo ndivyo inavyonyweka, nikaketi.